Sentensi ya kwanza: mwongozo kwa mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza

"Shikamoo mwalimu. Mtoto wangu ba be bi bo bu anaimba kama kasuku, lakini nikimwambia aandike sentensi anakodoa macho tu. Nifanyeje?"

Marahaba. Ujumbe wa namna hii naupata kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu hivi mpaka likizo ya Juni: kutoka Pasua, kutoka Majengo, kutoka kwa shangazi aliyeachiwa mtoto kule Kibosho. Nimefundisha darasa la kwanza hapa Moshi kwa miaka mingi, na jioni huwa na watoto wachache barazani kwangu. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

Neno moja kabla ya kazi. Upande wa herufi, Kiswahili kimemhurumia mtoto. Irabu ni tano, na kila irabu ina sauti ile ile popote utakapoikuta. Akishashika silabi, anaweza kuandika karibu neno lolote analolisikia. Kinachomkwamisha ni kwamba tumemfundisha kukata. Miezi mitatu amekata ma-ma, ka-ka, pa-ka, na hakuna aliyemwambia mahali pa kuacha kukata. Akifika kwenye sentensi anaandika "ma ma a na pi ka". Au anaziogopa nafasi kabisa, anaandika "mamaanapika" kama gari moshi. Karibu hatua zote zilizoko hapa chini zinahusu jambo hilo tu: neno linaanzia wapi, linaishia wapi.

Kabla ya kuanza

Mtoto awe anaandika irabu zote na silabi za herufi sita: m, n, l, k, t, p. Sita tu. Usisubiri amalize herufi zote. Kwa hizo sita anaandika mama, kaka, paka, kuku, anapika, anakula, amelala, amepotea. Mtoto anayeweza kuandika "Kuku amepotea" tayari ana habari ya kupeleka kwa jirani.

Vifaa ni hivi:

- Daftari lenye mistari mipana, penseli na kichongeo. Raba ishike wewe. Ikiwa mkononi mwake, nusu ya muda itaishia kwenye kufuta.
- Maharage makavu kumi. Kama kuna mdogo wake anayetambaa, tumia vijiko vya chai badala yake, maana harage safari yake ni puani.
- Boksi tupu la sabuni au biskuti, mkasi, na kalamu ya wino mzito. Boksi kwa Mangi wa dukani utapewa bure ukiomba asubuhi kabla hajaliwashia jiko.
- Dakika kumi na tano kwa siku, kukiwa bado na mwanga, mtoto akiwa ameshakula. Juni na Julai baridi ya huku inakufisha ganzi vidole, kwa hiyo uji kwanza, penseli baadaye.

Meza si lazima. Kigoda cha kuandikia na mkeka wa kukalia vinatosha, mradi asiandike amelala kifudifudi.

Hatua

1. Mwache aseme kwanza.

Usimwambie "andika sentensi". Kwa mtoto wa miaka sita neno hilo halina maana yoyote. Toka naye nje, mwoneshe kitu kinachotokea muda huo huo, muulize: "Paka anafanya nini?" Atakujibu: "Amelala." Umeshapata sentensi. Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na tendo ndani ya neno moja, na hiyo ni zawadi, itumie. Siku mbili za mwanzo penseli isiguswe kabisa. Maswali na majibu tu, mkiwa mnachambua mchicha au mnasubiri maji yajae ndoo.

2. Hesabuni maneno kwa maharage.

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sema sentensi fupi, taratibu: "Mama anapika." Kila neno harage moja. Mara ya kwanza atakuwekea maharage sita: ma, ma, a, na, pi, ka. Usimkemee, anafanya hasa alichofundishwa. Shika harage la kwanza, muulize, "Hili ni nani?" Atasema "ma". "Ukiita 'Ma!' atakuja mtu?" Hapo huwa wanacheka. "Sasa nani anapika?" "Mama." Basi mama ni harage moja. "Anafanya nini?" "Anapika." Harage la pili. Jibu la swali moja ni harage moja, hata likiwa refu namna gani. Mpe "wanapokezana" aone kwamba na mrefu huyo naye anakaa kwenye harage moja tu. Watoto wanalipenda sana hilo, wataanza kukutafutia maneno marefu kuliko yako.

Baada ya siku tatu ingiza vineno vidogo. "Kiti cha bibi kimevunjika." Ni maharage manne. Mtoto ataweka matatu, kwa sababu sikioni "chabibi" ni kitu kimoja. Hapa swali la nani na nini halisaidii. Mwambie tu ukweli kwamba "cha", "ya", "wa", "la", "kwa", "na" na "ni" wote ni wadogo lakini kila mmoja ana kiti chake. Atazoea.

Wazazi wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haionekani kama masomo: mtoto anacheza na maharage, daftari jeupe. Nakuomba usiiruke. Pita barabarani usome mbao za matangazo: "tuna uza mkaa", "tuna chaji simu". Walioziandika ni watu wazima na mwandiko wao ni mzuri. Maharage tu hawakuyapata.

3. Sentensi ya neno moja.

Sasa penseli. Muulize, ajibu "Amelala", na hilo hilo aliandike. Alitamke kwa silabi, a-me-la-la, lakini mkono usiruke. Mwambie kwamba neno likiwa halijaisha, herufi zinashikana mikono, hakuna anayeachwa nyuma. Likiisha, aweke nukta. Barazani kwangu nukta tunaiita kufunga mlango, na sentensi isiyofungwa mlango kuku wanaingia.

Kwa siku mbili au tatu ziwe za aina hiyo tu: Anakula. Anapika. Amelala. Amepotea. Tatu kwa siku zinatosha.

Onyo: usimwandikie ili anakili. Watoto wananakili vizuri mno, mstari mzima, mwandiko wa kupendeza, bila kusoma hata neno moja. Ukitaka kuhakikisha, funika sentensi yako kwa kiganja halafu mwambie aendelee. Kama mkono umesimama, alikuwa anachora.

4. Ongeza mtenda.

"Nani amelala?" "Paka." Yatoke maharage mawili mezani kwanza, ndipo aandike: Paka amelala. Kati ya maneno alaze kidole chake cha shahada cha mkono usioandika, aanze neno linalofuata upande wa pili wa kidole. Kidole chake, si chako. Chako kitaacha nafasi ya kupita bajaji.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto atapata tabu na kidole, mikono inagongana. Mpe njiti ya kiberiti uliyoivunja kichwa, ailaze mahali pa nafasi. Na tafadhali, mwache na mashoto yake. Nimeletewa watoto waliofungwa mkono kwa kitambaa ili wahamie kulia, na wote walikuja wakiwa wanaichukia penseli.

5. Kadi za boksi.

Kata vipande vya ukubwa wa kiganja. Kwenye vingine andika watenda: Mama, Kaka, Paka, Kuku, Popo. Kwenye vingine matendo: anakula, anapika, amelala, amepotea, anatapika. Mtoto achague kimoja kila upande, avipange, asome, kisha aandike bila kutazama. "Popo anapika." "Kuku anatapika." Mwache acheke. Anayecheka amesoma.

Angalia jambo moja: watenda wawe watu na wanyama peke yake. Usiweke kiti, mti wala jiwe. Paka ame-, kiti kime-, mti ume-, jiwe lime-. Mtoto analijua hilo mdomoni tangu ana miaka mitatu, lakini kadi haziwezi kubadilika. Mwaka fulani niliweka kadi ya "Kiti" bila kufikiri. Msichana mmoja akapanga "Kiti amepotea", akaisoma mara mbili, kisha akanitazama kwa huruma kama vile mimi ndiye nisiyejua Kiswahili. Vitu visivyo na uhai viache mpaka atunge sentensi mwenyewe bila kadi, maana hapo ulimi wake utamwongoza.

6. Neno la tatu.

Swali ni "nini?" Kaka anakula nini? Kaka anakula mkate. Maharage matatu, nafasi mbili, nukta.

Hapa utakutana na "mukate", na baadaye "muti" na "mutoto". Mtoto amezoea kwamba kila silabi inaisha na irabu, halafu ghafla m inasimama peke yake. Piga naye makofi: m-ka-te, matatu, m-ti, mawili. Kofi la kwanza midomo imefungwa. Akisema "mu" midomo inachomoza, mwoneshe kwenye kioo. Ndizi, mbuzi na ng'ombe visubiri mpaka shuleni wafike kwenye nd, mb na ng'. Najua, kwa Mchagga kuandika chakula bila ndizi ni mtihani, lakini vumilia wiki chache.

7. Herufi kubwa na alama.

Herufi kubwa inakaa mwanzo wa sentensi na mwanzo wa jina. Sisi wa hapa tuna mfano wa bure: "Bibi anakaa Moshi" na "Bibi hapendi moshi". Mmoja ni mji, mwingine unatoka jikoni. Andika zote mbili, mwulize bibi anakaa wapi, mpaka akuoneshe ile M kwa kidole.

Alama ya kuuliza ifundishe kwa sauti. "Baba amerudi." "Baba amerudi?" Maneno ni yale yale kwa mpangilio ule ule, sauti tu ndiyo imepanda. Soma mojawapo, yeye anyooshe kadi ya nukta au ya kuuliza. Mkato bado, mkato ni wa mwakani.

8. Asome alichoandika, ndipo usahihishe. Kosa moja tu.

Akimaliza, asikukabidhi daftari. Akusomee huku akigusa kila neno kwa kidole. Mara nyingi atakwama mwenyewe, atasema "eh, nimesahau", na kosa aliloligundua mwenyewe halirudi kirahisi.

Kisha chagua kosa moja. Wiki hii nafasi, wiki ijayo nukta, nyingine herufi kubwa. Yale mengine yapite, hata kama yanakuwasha. Daftari lililojaa wino mwekundu halimfundishi kitu isipokuwa kwamba kuandika kunaleta shari. Fimbo sitaizungumzia. Mkono unaotetemeka hauandiki.

9. Sentensi mbili, halafu tatu, za kwake mwenyewe.

Akiweza maneno matatu bila maharage, muulize "halafu?" Kuku amepotea. Halafu? Mama analia. Halafu? Popo amekula kuku. Ukweli wa habari usiukague.

Tangu "Amelala" mpaka hapa, wengine wanatumia wiki sita, wengine muhula mzima. Sijaona tofauti yoyote kati yao wakifika darasa la tatu.

Yakikwama

Anaandika "mm" akisoma "mama", au "pk" akisoma "paka". Muulize herufi m inaitwaje. Akikujibu "ma", kosa ni letu, si lake. Wengi wetu tulikaririshwa a, ba, cha, da, tukawarithisha. Kama m ni "ma", basi "mm" ni mama kweli, hesabu yake iko sawa. Mfundishe sauti yenyewe ya m midomo ikiwa imefumba, kisha mpange ma me mi mo mu upya kwa siku chache.

Anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza na anaandika "kete" badala ya "kiti". Huko e inaitwa "ii", na i inaitwa "ai". Amesikia "ii" katika kiti, akaandika e. Tenga madaftari mawili yenye majalada ya rangi tofauti, na kabla ya kufungua la Kiswahili aimbe a e i o u mara moja. Mimi binafsi huwashauri wazazi waanze na sentensi za Kiswahili hata kwa watoto hawa, kwa sababu tahajia yake haimgeuki mtoto. Si wote wanaokubaliana nami.

Anaandika "ana kula", "ame lala". Amegundua kwamba "ana" ni neno, na ni kweli: "Ana mpira." Muulize, "Ana nini?" Kama jibu ni kitu unachoweza kukishika, ana inakaa peke yake. Kama jibu ni kazi, inashikana: anacheza, anakula. Fanyeni mchezo, wewe unasema, yeye anashikanisha au kutenganisha mikono.

Anaandika "karamu" kwa kalamu, "kurara" kwa kulala, "apana" kwa hapana. Sikiliza kwanza nyumbani mnatamkaje, maana mtoto anaandika anachokisikia. Kwetu huku l na r hupishana kulingana na lugha ya bibi. Usimcheke, na mwezi wa kwanza usisahihishe. Baadaye bandika ukutani maneno sita anayoyatumia kila siku, ayaone akipita kwenda kula.

Anageuza b na d. Kwa umri huu ni kawaida. Fundisha b peke yake kwa wiki mbili, tumbo lake linatazama mbele, anakoelekea kuandika. Usiiguse d mpaka b imekolea. Zikifundishwa siku moja zitachanganyika siku zote.

Anainamia daftari mpaka pua inagusa, au anakosea kunakili ubaoni lakini nyumbani haoni shida. Usimwongezee mazoezi, mpeleke akapimwe macho. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho. Na kama kila mara anajibu "eeh?", masikio nayo yapimwe.

Hataki kabisa. Hana la kusema, penseli inamkera, analia. Funga daftari. Wangu wa mwisho alinifanyia hivyo, siku tatu mfululizo. Siku ya nne sikumwita. Niliweka karatasi juu ya kigoda chake: "Andazi lipo chini ya sufuria." Nikaendelea kufua. Nikamsikia anavyoisoma kwa kunong'ona, anarudia "su-fu-ri-a", kisha mfuniko ukalia. Hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Kesho yake nikakuta karatasi juu ya beseni langu: "weka tna". Hakuna herufi kubwa, mlango haujafungwa, na e imeliwa na andazi la jana. Nikaweka mawili.